Tezi dume ishatolewa, sasa mkojo na unyumba virudi vipi? Maneno ya mzee mmoja wa Lamu

Wiki ya tano baada ya opresheni nikaamua niende swala ya Ijumaa. Kanzu nyeupe imepigwa pasi, udi umepita, ndani nimeweka pedi moja tu manake nilijiambia msikiti si mbali, itatosha. Rukuu sawa. Sijda ya kwanza sawa. Kwenye kuinuka kutoka sijda ya pili ndo nikahisi vuguvugu lateremka pajani, na kanzu nyeupe wazee wenzangu haifichi kitu. Nilikaa pale mpaka msikiti ukaisha watu, nikatoka nimejifunga kikoi cha mtu juu ya kanzu kama niliyetoka kuvua.

Nayaandika haya kwa sababu mimi hakuna aliyenambia. Pale nilipofanyiwa (sipataji) niliambiwa mzee utapona, nikapewa tarehe ya kutolewa mpira wa mkojo (katheta, mrija unaotiwa mpaka kibofuni), basi. Mengi nimekuja kuyajua baadaye kwa fizio mmoja (mtaalamu wa mazoezi ya tiba), kwa daktari wa pili, na kwa kuumia mwenyewe.

Kwanza ujue kilichotokea huko ndani, manake usipojua utadhani umeharibika. Tezi dume imekaa chini ya kibofu na njia ya mkojo yapita katikati yake kama uzi ndani ya shanga. Wakitoa tezi yote kwa ajili ya kansa, waondoa shanga pamoja na vifuko vya manii vilivyo nyuma yake, halafu washona shingo ya kibofu na njia ya mkojo iliyobaki. Sasa mwanamume ana koki mbili. Ya ndani iko shingoni mwa kibofu, miaka yote ilikuwa yajifunga yenyewe na wewe huna habari, na hiyo ndo huondoka au huumia kwenye opresheni. Yabaki ya nje, msuli mdogo ulio chini ya pale tezi ilipokuwa, na huyu hajawahi kubeba kazi peke yake. Ni kama baharia aliyezoea kufuata amri za nahodha, siku moja aamka aambiwa shika usukani wewe.

Ndo maana mkojo huu una tabia zake. Ukilala wakauka, ukikohoa, ukipiga chafya, ukicheka, ukiinuka kwenye kiti, ukiinua dumu la maji, watoka. Asubuhi u mkavu, ikifika alasiri msuli umechoka na maji yaanza kujaa. Wengi hukauka usiku kwanza, halafu asubuhi, halafu wakiwa wamekaa, na mwisho kabisa ndo kutembea na kubeba vitu. Ukiona usiku umekauka lakini mchana bado, usilie, hiyo ndo njia yenyewe.

Mpira wa mkojo hukaa kama siku 7 mpaka 14 hivi, kulingana na daktari. Mfuko uwe chini ya kibofu siku zote, hata ukilala, na osha pale mpira unapoingilia kwa maji na sabuni kila siku, usiuvute, na hakikisha haukujikunja. Kikoi ndo vazi la wakati huu, suruali weka kabatini. Na mazoezi ntakayoyasema hapa chini USIYAFANYE mpira ukiwa bado uko ndani, ngoja utoke. Mimi nilikaa kwa shemeji yangu Mombasa mpaka ulipotoka, ndo nkapanda basi la Mokowe, kule bara tunakopandia boti la Lamu, na siku ya kutolewa mpira nenda na nepi za watu wazima na kikoi cha rangi ya giza, usiende mikono mitupu kama mimi, manake mpira ukitoka siku ya kwanza ni kama bomba lililokatwa.

Haya, mazoezi. Yaitwa mazoezi ya Kegel, kwa jina la daktari Mmarekani Arnold Kegel aliyeyaandika mwaka 1948 kwa ajili ya wanawake waliozaa. Kwa hivo msishangae bibi zenu wakiwacheka, wao washayajua. Misuli yenyewe imetandazwa chini ya kiuno kama kamba za kitanda, kutoka mfupa wa mbele mpaka kwenye kifandugu, na ndo inayoshika kibofu na njia ya haja kubwa kutoka chini.

Kuipata ndo shughuli, na wengi hukosea hapa. Fikiria uko barazani na wazee, na ushuzi wataka kutoka, wauzuia bila mtu kuona. Hapo nyuma pamekaza. Sasa ongeza mbele, vuta kama waingiza dhakari ndani, kama mtu aliyeingia maji baridi yakamfika kinenani. Simama uchi mbele ya kioo uangalie: ukifanya sawasawa dhakari yaingia ndani kidogo na korodani zapanda. Matako yasikaze. Mapaja yasikaze. Tumbo lisitoke nje, na pumzi usiizuie, hesabu kwa sauti ukishindwa. Mimi miezi miwili ya mwanzo nilikuwa nakaza matako kwa bidii kweli kweli, nikajiona shujaa, kumbe nafanya kazi bure, fizio alipoweka mkono akacheka akasema mzee hapa wajenga makalio tu.

Ukishaipata: kaza polepole, shika mpaka sekunde 10 kama waweza (anza na 3 au 5, si mashindano), achia kabisa, pumzika muda ule ule, halafu tena, mara 10. Kisha kaza na kuachia haraka haraka mara 10. Hiyo ni duru moja. Kwa siku duru 3. Mimi nimezifunga na swala, baada ya alfajiri nikiwa nimelala, baada ya alasiri nimekaa, baada ya isha nimesimama, na kwa njia hii sisahau. Kuna mtu aliniambia afanya baada ya swala zote tano na katikati yake pia ili apone haraka, akawa jioni avuja zaidi, manake msuli ukichoka hauna kitu. Na kuachia ni muhimu sawa na kukaza. Kukata mkojo katikati ya kukojoa waweza kujaribu mara moja kuujua msuli, lakini usifanye ndo zoezi lako la kila siku, kibofu kitachanganyikiwa kikawa hakimalizi.

Halafu kuna hii ambayo kwangu mimi ndo ilileta tofauti kubwa kuliko duru zote: kaza KABLA. Kabla hujakohoa, kaza. Chafya yaja, kaza. Wataka kuinuka kutoka sijda, kaza kwanza ndo upande. Kuteremka kwenye mashua, kupanda zile ngazi zetu za nyumba za mawe ambazo kila daraja ni goti zima, kumbeba mjukuu, kaza, fanya, achia. Mwanzo wasahau mara tisa kwa kumi, baada ya wiki kadhaa mwili wafanya wenyewe.

Kutembea nako ni dawa, kwanza kwa damu isigande miguuni, pili kwa choo. Mimi nilianza na kutoka nyumbani mpaka gatini, mwisho nikawa nafika Shela, kijiji cha jirani, kwa miguu na kurudi. Kubeba vizito acha kama wiki 6. Daktari alinambia nisipande baiskeli wala pikipiki mpaka aniruhusu kwa sababu ya kugandamiza pale chini, yeye ni mtu wa bara hakuwaza punda, nawaongezea mimi: punda pia.

Kunywa. Kila mtu hukimbilia kuacha maji ili asivuje, ni kosa, mkojo wawa mzito, wachoma kibofu, ndo wataka kwenda choo kila dakika. Kunywa maji yako kawaida, punguza tu ukikaribia kulala. Cha kupunguza ni kahawa, chai kali, soda, na pombe kwa wanaokunywa, vyote hivi vyachokoza kibofu. Najua, kahawa chungu barazani jioni ni maisha, mimi mwenyewe nimerudi kikombe kimoja tu kidogo. Miraa nayo, sitaki ugomvi na mtu, lakini yafunga choo, na choo kigumu ni adui mkubwa kwa sababu ukijikamua wasukuma chini misuli ile ile uliyokaa asubuhi ukiijenga. Kula paipai, mboga, maharagwe, tende, maji.

Na usiende choo kila mara ati kwa usalama. Kibofu chajifunza udogo. Ukihisi haja subiri dakika chache huku umekaza, wiki ijayo ongeza, mpaka ufike masaa 3 au 4 mchana.

Kuhusu pedi: mwanzo nepi, halafu pedi nene, halafu nyembamba. Badilisha ikilowa, usiipigie hesabu ya pesa, manake ngozi ikiungua kwa mkojo na hili joto letu utajuta, osha kwa maji, kausha kwa kugusa si kusugua, paka vaselini kidogo. Mimi niliona haya kununua, nikawa namtuma mama watoto, mpaka siku moja kijana wa chemisti akanisalimia "shikamoo mzee, leo za saizi gani?" haya zikaisha hapo. Andika kila siku umetumia ngapi, kwenye daftari lolote. Mimi wiki ya kwanza 6 kwa siku, mwezi wa tatu 2, na bila lile daftari la mjukuu ningeapa kwamba sijapata nafuu hata kidogo, kwa sababu moyo hukumbuka siku mbaya tu. Wengi wetu hupata nafuu kubwa kati ya miezi 3 na 6, na huendelea mpaka mwaka.

Swala, hili lilinitesa kuliko lote. Nilikaa mwezi mzima siendi msikitini nikidhani sina tohara. Sheikh niliyemuuliza akanambia mbona wajitesa, wewe ni mwenye udhuru: wakati wa swala ukishaingia jisafishe, funga pedi safi, chukua udhu, swali hapo hapo, na tone likitoka ndani ya swala swala yako haivunjiki, faridha nyingine ikija wafanya tena hivo hivo. Muulize sheikh wako juu ya hali yako, lakini usikae nyumbani.

Sasa la unyumba. Wanaokuuliza hali barazani wote hili ndo wanalotaka kujua, na hakuna anayelitaja.

Ujue mapema kwamba mkojo na unyumba haviendi kwa saa moja. Mkojo ni miezi. Kusimama ni mwaka, miaka miwili, wengine zaidi. Usipimie kimoja kwa kingine. Mishipa ya fahamu inayosimamisha yapita ubavuni mwa tezi, huku na huku, myembamba kama utando. Zamani ilikuwa yakatwa bila watu kujua, mpaka daktari Patrick Walsh wa Johns Hopkins kule Marekani akaonyesha yapita wapi, na mwaka 1982 akafanya opresheni ya kuiacha makusudi. Kwa hivo swali la kwanza kwa aliyekupasua ni hili: mishipa iliachwa? Pande zote mbili au moja? Mimi ya upande mmoja iliachwa. Na hata ikiachwa, imevutwa na kushtuka, hulala muda mrefu kabla kuamka. Umri wako, ulivokuwa kabla, sukari, presha na sigara, vyote vina neno lao.

Hamu haikatwi pale. Ngozi yahisi kama kawaida, na kileleni wafika hata kama haikusimama, mimi sikuamini mpaka ikatokea. Lakini yawa makavu, manii hayatoki tena, manake kiwanda chenyewe kimeondolewa. Anayetaka mtoto aseme kabla ya opresheni, mbegu zaweza kuhifadhiwa. Wengine hutokwa na mkojo kidogo pale kileleni, nenda choo kwanza, weka taulo, maisha yaendelee. Na urefu waweza kupungua kidogo, bora nikwambie mimi kuliko uje ushtuke bafuni.

Sababu ya kutokaa tu kusubiri ni hii: usiku mwanamume mzima husimamisha mara kadhaa akiwa amelala, na ile ndo damu safi ya kulisha nyama ya pale. Ikikosa miezi mingi nyama yaanza kukakamaa. Kwa hivo madaktari wengi huanza mapema na vidonge, sildenafili (ile Viagra, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998) au tadalafili. Kama vyaharakisha kusimama kwenyewe au la, madaktari wenyewe hawajakubaliana, ila kwa usiku ule uliomeza vyasaidia kama mishipa ipo. Sildenafili meza kama saa moja kabla, na si baada ya biriani la harusi, mafuta yaichelewesha. Tadalafili haijali chakula na hukaa mpaka masaa 36. Vyote viwili bila kushikwashikwa havifanyi kitu, si swichi ya taa. Kichwa kuuma, uso kupata joto, pua kuziba, ni kawaida.

Ila SIKIA HAPA: kama watumia dawa ya moyo aina ya nitrati, ile ya kuweka chini ya ulimi au ya kumeza kifua kikibana, vidonge hivi usiviguse, presha yaweza kuanguka ukafa. Na zile unga za nguvu za kiume zinazouzwa mitaani, zilizo kwenye vichupa visivyo na jina, baadhi yake zimepimwa zikakutwa zimetiwa sildenafili kimya kimya, kwa hivo hujui wameza kiasi gani. Kipimo chako apange daktari.

Vidonge visiposhika, kuna pampu ya vakyumu: mrija wa plastiki, wautia, wapampu hewa itoke, damu yaingia, wateleza mpira wa kubana kwenye shina. Mpira usizidi dakika 30. Yawa baridi kidogo na yayumba kwenye shina kama mlingoti uliolegea, tulicheka mpaka tukasahau tulichokuja kufanya, lakini yafanya kazi hata kwa asiyebaki na mishipa. Baada yake kuna sindano ya alprostadili, wajichoma mwenyewe ubavuni mwa dhakari, sindano nyembamba, yasikika vibaya kuliko ilivyo, lakini dozi ya kwanza lazima ipimwe na daktari. Ikisimama ikapita masaa 4 haishuki, hiyo ni dharura, hospitali usiku huo huo, na kwa sisi wa visiwani hesabu na boti. Mwisho kabisa kuna kifaa cha kupandikizwa ndani, hicho ni cha waliojaribu yote.

Lini kuanza? Wengi huambiwa baada ya wiki 6, uliza. Lakini kuzungumza anza siku ya kwanza. Mimi nilikuwa nalala chumba kingine kwa kisingizio cha mkojo, miezi mitatu, mpaka siku mama watoto akasimama mlangoni na taa ya mkono, stima imepotea, akanambia, "Kwani mimi niliolewa na hiko tu? Mbona hata mkono hunishiki?" Sikuwa na jibu. Nikarudi chumbani na nepi yangu. Tulianza na kushikana na kukandana mafuta bila mpango wowote, na wala sikuwa najua kwamba fizio angekuja kunambia jambo hilo hilo baadaye, kwamba mtu aanze na yasiyohitaji kusimama ili hofu itoke. Hofu yenyewe huzuia. Msuli wa mkojo nao wasaidia hapa, ukikaza vizuri damu haitoroki haraka, kwa hivo duru zile 3 zalipa mara mbili.

Mambo ya kukimbilia hospitali bila kungoja: homa na baridi, mkojo kukataa kutoka kabisa, damu ya mabonge, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukata. Na mkojo ukianza kutoka uzi mwembamba miezi baadaye, usifurahi ukadhani koki imekaza, huenda pale penye mshono pamejikaza kwa kovu, daktari hupafungua.

Na ukifika mwaka bado wabadilisha pedi nyingi, usikubali kuambiwa ni uzee. Kuna ukanda mdogo (sling) wapandikizwa chini ya njia ya mkojo kuishikilia, na kwa wanaovuja sana kuna koki bandia (artificial sphincter) yenye kitufe ndani ya mfuko wa korodani, wabofya, wakojoa, yajifunga yenyewe. Taja kwa jina ukienda, na umwambie daktari kama zoezi ulifundishwa na mtu aliyekuangalia ukilifanya au ulilisoma tu.

Kipimo cha PSA (cha damu, chapima protini itokayo kwenye tezi dume) kinaendelea hata kama umekauka na jogoo awika. Tezi ikishatoka hesabu yatakiwa iwe chini kabisa, karibu na sufuri, na ikianza kupanda kuna matibabu mengine yafaa yawahi. Mimi changu ni mwezi ujao Mombasa. Tiketi ya basi nishakata, kiti cha karibu na mlango, kahawa siku hiyo sinywi mpaka nifike, pedi mbili mfukoni, na dereva nishamjulisha kwamba Garsen, mji wa njiani, lazima asimame.